Kabla ya tetemeko, sakafu ya bahari hujikunja kimya kimya

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA saa 9:58 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Desemba 26, mwaka 2004, pale sakafu ya bahari iliyo magharibi ya kisiwa cha Sumatra, nchini Indonesia, ilipopasuka. Mpasuko huo ulielekea kaskazini hadi visiwa vya Andaman, umbali wa kiasi cha kilomita 1,300, na ulichukua takriban dakika kumi kumalizika. Watu wapatao 230,000 katika nchi 14 walipoteza maisha, wengi wao si kwa kuangukiwa na nyumba bali kwa kuchukuliwa na maji.

Wakazi wa Mogadishu, Mombasa na Dar es Salaam walikuwa wamelala. Mawimbi yalihitaji kiasi cha saa saba kufika Somalia, ambako watu karibu 300 walikufa, na muda zaidi ya huo kuzifikia pwani za Kenya na Tanzania. Nchini Kenya, ambako polisi waliwaondoa watu fukweni, alikufa mtu mmoja. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua kumi.

Saa saba ni muda wa safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwa hiyo hakikukosekana muda. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga simu, na mwingine wa kuipokea akijua la kufanya.

Hata hivyo, makala haya hayahusu mawimbi hasa. Yanahusu kile kilichoyatangulia: ardhi yenyewe ya chini ya bahari, ambayo kwa mamia ya miaka ilikuwa ikikunjwa polepole bila mtu kuisikia, na jitihada za wanasayansi kuupima mkunjo huo kabla haujafyatuka.

Ganda la dunia halikushikamana kama ganda la yai. Limegawanyika katika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, na kila bamba husogea sentimita chache kwa mwaka, mwendo unaokaribiana na ule wa kukua kwa kucha za binadamu. Sisi wa Afrika Mashariki tunalifahamu Bonde la Ufa, ambako mabamba yanaachana. Katika pwani za Sumatra, Japani, Chile na Alaska hali ni kinyume chake: bamba la bahari, lililo zito, hujichoma chini ya bamba jirani na kuzama kuelekea kwenye joto la ndani ya dunia. Mahali linapoanzia kuzama pana mfereji mrefu wenye kina cha kutisha, na mifereji hiyo ndiyo sehemu za chini kabisa za bahari zote.

Tofauti ya hali hizo mbili huonekana katika ukubwa wa matetemeko. Tetemeko la Bukoba la Septemba 10, mwaka 2016, lililobomoa nyumba na kuua, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Lile la Sumatra lilifikia 9.1. Msomaji asidanganywe na udogo wa tofauti ya tarakimu hizo, kwani kila namba nzima inapoongezeka, nishati inayotoka huongezeka kwa kiasi cha mara 32. Kwa hesabu hiyo, Sumatra ilitoa nishati zaidi ya mara 60,000 ya ile ya Bukoba. Magazeti yamezoea kuandika kuwa hicho ni kipimo cha Richter, ilhali kwa matetemeko makubwa wataalamu waliachana nacho zamani na sasa hukokotoa eneo lililopasuka pamoja na umbali ambao miamba imeteleza.

Nishati hiyo yote inatoka wapi? Mabamba mawili yanapokutana, hayatelezi kwa ulaini. Miamba hushikana. Bamba linalozama huendelea na safari yake, likivuta ukingo wa bamba la juu kwenda nalo chini, na bamba la juu hupinda kama ufito unaokunjwa kwa mikono miwili. Ukingo wake ulio karibu na mfereji huzama, na sehemu yake iliyo nyuma, mara nyingi ile yenye miji na bandari, huinuka milimita kadhaa kila mwaka. Hali hiyo yaweza kudumu miaka mia, mia mbili au zaidi. Siku mshiko unaposhindwa, ufito hunyooka kwa dakika chache. Ukingo uliozama hufyatuka juu ukiyainua maji yote yaliyo juu yake, na hiyo ndiyo tsunami. Wakati huohuo pwani iliyokuwa imeinuka hushuka. Ndiyo maana baada ya tetemeko kubwa watu wa pwani hukuta maji yakiingia mitaani hata siku ambazo bahari imetulia: si bahari iliyopanda, ni ardhi iliyoshuka.

Kanuni hii ya kukunjika na kufyatuka ilielezwa na Mmarekani Harry Reid mwaka 1910, baada ya kuchunguza tetemeko lililoiangamiza San Francisco mwaka 1906. Reid alikuwa na bahati moja. Ufa wake ulikuwa nchi kavu, ambako aliweza kulinganisha vipimo vya ardhi vya kabla na baada ya tukio. Nyufa kubwa kuliko zote zimelala chini ya maji, na huko hakuna barabara, uzio wala nguzo ya kupimia.

Kwa muda mrefu, basi, wanasayansi walilazimika kuwauliza mashahidi wasio wa kawaida.

Mmoja wao ni tumbawe. Katika visiwa vya Mentawai na Nias, magharibi ya Sumatra, mtaalamu wa Marekani Kerry Sieh na mwenzake wa Indonesia Danny Natawidjaja walichunguza matumbawe ya duara yanayoota kwenye maji mafupi. Tumbawe la aina hiyo haliwezi kuishi juu ya kina cha maji yaliyokupwa sana, hivyo kichwa chake hukatwa na kupwa kana kwamba kwa kisu. Kisiwa kikishuka, tumbawe hupata nafasi na kukua kwenda juu. Kisiwa kikiinuka, sehemu ya juu hufa. Na kwa kuwa tumbawe huweka tabaka jipya kila mwaka, mtu akilikata kwa msumeno anaweza kuhesabu miaka kama afanyavyo kwa mti. Wale wanaoishi Lamu na Kilwa, ambako kuta za kale zimejengwa kwa mawe ya aina hiyo, hawatashangaa kusikia kuwa matumbawe hutunza historia, ingawa huenda hawakudhani kuwa hutunza hata tarehe.

Matumbawe ya Mentawai yalionyesha kuwa kwa angalau miaka 700 eneo hilo limekuwa likifyatuka kwa mafungu, takriban kila baada ya karne mbili, na kwamba mafungu ya karibuni yalikuwa na matetemeko makubwa ya mwaka 1797 na 1833. Machi 28, mwaka 2005, miezi mitatu tu baada ya msiba wa Sumatra, tetemeko la ukubwa wa 8.6 lilipiga Nias na kuinua sehemu za pwani ya kisiwa hicho karibu mita tatu. Miamba ya matumbawe iliyokuwa chini ya maji ikabaki juani na kufa. Septemba 2007 likafuata jingine la 8.4 kusini zaidi. Hata hivyo, sehemu ya ufa iliyo chini ya Mentawai haijamaliza deni lake, na wataalamu hulitaja jambo hilo kila wanapoulizwa kuhusu jiji la Padang.

Shahidi mwingine ni miti iliyokufa. Katika jimbo la Washington, Marekani, kuna misitu ya mierezi iliyosimama ikiwa mikavu katika mabwawa ya maji ya chumvi. Brian Atwater na wenzake walitambua kuwa ardhi chini ya miti hiyo ilishuka ghafla na bahari ikaingia, na pete za miti zikaonyesha kuwa ilikufa kati ya Agosti 1699 na Mei 1700. Upande wa pili wa Pasifiki, makarani wa Japani walikuwa wameandika kuhusu mawimbi yaliyofika Januari 1700 bila tetemeko lolote kusikika, jambo lililowashangaza. Mwaka 1996 Kenji Satake na wenzake waliunganisha habari hizo mbili na kutaja siku yenyewe: Januari 26, mwaka 1700, jioni. Ni nadra kwa jiolojia kutoa jibu linalotaja hata saa.

Lakini tumbawe na mti hueleza yaliyopita. Mtu anayetaka kujua mkunjo wa leo anahitaji vipimo vya leo, na hapa ndipo mfumo wa GPS ulipobadilisha mambo. Japani ilisambaza zaidi ya vituo 1,200 nchi nzima, kila kimoja kikirekodi mwendo wa ardhi kwa milimita. Picha iliyopatikana ilikuwa nzuri sana, ila ilikoma ufukweni. Mawimbi ya redio kutoka kwenye setilaiti hayapenyi maji ya bahari, na kaskazini-mashariki mwa Japani mfereji uko kiasi cha kilomita 200 kutoka nchi kavu. Kujua kinachotokea huko kwa vipimo vya pwani ni sawa na kukisia uzito wa mzigo ulio chumba cha pili kwa kutazama jinsi ukuta ulivyoegama.

Katika pengo hilo la maarifa wengi walijaza dhana. Iliaminiwa kuwa sehemu ya ufa iliyo karibu kabisa na mfereji ina udongo laini, hivyo huteleza taratibu bila kulimbikiza nguvu. Kamati ya serikali ya Japani ilitangaza kuwa uwezekano wa tetemeko la ukubwa wa kiasi cha 7.5 mkoani Miyagi ndani ya miaka 30 ni asilimia 99. Kwa maana fulani, tetemeko lilikuja kama lilivyotangazwa. Kosa lilikuwa kwenye ukubwa.

Machi 11, mwaka 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, ufa huo ulipasuka kwa ukubwa wa 9.0. Dakika tatu baadaye idara ya hali ya hewa ilitoa tahadhari ya tsunami, ikikadiria ukubwa wa 7.9 na mawimbi ya mita sita kwa Miyagi na mita tatu kwa mikoa ya Iwate na Fukushima. Makadirio hayo yalipandishwa baadaye, lakini umeme ulikuwa umekatika sehemu nyingi na si wote waliosikia. Waliokufa na kupotea kutokana na tetemeko na mawimbi walizidi 18,000, na kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kikazama katika maafa ambayo Japani haijamaliza kuyasafisha hadi leo.

Vipimo vya nchi kavu vilionyesha kuwa rasi ya Oshika ilisogea mita 5.3 kuelekea baharini na kushuka mita 1.2. Ni mwendo wa kustaajabisha, lakini ulikuwa kivuli tu cha kilichotokea chini ya maji. Kituo kimoja cha Walinzi wa Pwani wa Japani, kilichowekwa sakafuni mwa bahari karibu na kitovu, kilikutwa kimehama mita 24 na kuinuka mita tatu. Karibu na mfereji, meli iliyopima kina kwenye njia ileile iliyopimwa miaka ya nyuma ilikuta sakafu imesogea kiasi cha mita 50. Pale palipodhaniwa kuwa pamelala ndipo palipoteleza kuliko kote.

Kituo hicho cha baharini hufanyaje kazi? Wazo lilianzia kwa Fred Spiess wa taasisi ya Scripps, California, katika miaka ya 1980, nalo ni la kuunganisha lugha mbili: redio juu ya maji, sauti chini ya maji. Vifaa vitatu au zaidi hushushwa hadi sakafuni. Meli huja juu yake, ikijua mahali ilipo kwa GPS, kisha hupiga hodi kwa mlio wa sauti. Kila kifaa kikiusikia mlio huo huitikia kwa mlio wake. Muda uliopita kati ya hodi na itikio huonyesha umbali, na umbali kutoka sehemu nyingi huonyesha mahali hasa vifaa vilipo. Meli ikirudi baada ya miezi, hodi hurudiwa, na tofauti ndiyo mwendo wa sakafu.

Kueleza ni rahisi, kutenda si rahisi. Sauti husafiri majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, hivyo kukosea sentimita moja ni kukosea muda kwa sehemu saba hivi za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Mwendo huo wa sauti nao hubadilika kwa joto, chumvi na mgandamizo wa maji, na mkondo mmoja wa maji ya uvuguvugu ukipita huweza kuifanya sakafu ionekane imehama wakati haijaondoka mahali pake. Kwa hiyo meli huzunguka kwa saa nyingi ikirudia hodi maelfu ya mara, huku mabaharia wakishusha vipimajoto. Gharama ya siku moja ya meli ya utafiti ni kubwa, na hiyo ndiyo sababu vituo vya aina hii bado ni vichache duniani. Siku hizi kazi hiyo imeanza kukabidhiwa vyombo vidogo visivyo na nahodha, vinavyosukumwa na mawimbi yenyewe.

Kwa kupanda na kushuka hutumika vipima mgandamizo. Sakafu ikiinuka sentimita moja, maji yaliyo juu yake hupungua sentimita moja, na kifaa huhisi wepesi huo. Baada ya mwaka 2011 Japani ilitandaza mtandao uitwao S-net, wenye vituo 150 vilivyofungwa kwenye nyaya zenye urefu wa zaidi ya kilomita 5,000 kando ya mfereji wake. Vituo hivyo huhisi tsunami ikipita juu yake na vinaweza kuongeza hadi dakika 20 za tahadhari. Msomaji anayedhani dakika 20 ni chache akumbuke kuwa katika vijiji vya Iwate mwaka 2011 mawimbi makubwa yalifika katika nusu saa hivi.

Wapo pia walioamua kwenda kuugusa ufa wenyewe. Mwaka 2012 meli ya Chikyu ilishusha mabomba katika maji yenye kina cha karibu mita 6,900, ikatoboa zaidi ya mita 800 chini ya sakafu na kuufikia mpasuko wa mwaka uliotangulia. Ilitoa udongo wa mfinyanzi unaoteleza sana, na vipimajoto vilivyoachwa humo vilikuta joto la msuguano lililobaki: nyuzi 0.31 tu. Maana yake ni kwamba ufa uliteleza makumi ya mita karibu bila kuzuiwa. Jaribio jingine la meli hiyo kusini mwa Japani, lililokusudia kufika mita 5,200 chini ya sakafu, lilikwama mwaka 2019 likiwa limefika mita 3,262.5. Miamba iliyovunjika ilikuwa ikiporomokea ndani ya tundu.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba nyufa hizi huweza pia kuteleza bila kishindo. Mwaka 2001 Herb Dragert na wenzake nchini Kanada waliripoti kuwa vituo vya GPS vilirudi nyuma milimita kadhaa kwa muda wa wiki chache bila mtu yeyote kuhisi mtikisiko. Baadaye ilibainika kuwa huko hali hiyo hujirudia kila baada ya miezi 14 hivi. Nchini New Zealand, mbele ya mji wa Gisborne, vipima mgandamizo vilivyowekwa sakafuni mwaka 2014 vilinasa sakafu ikiinuka kati ya sentimita 1.5 na 5.4 katika tetemeko la namna hiyo, tetemeko lisilotetemesha. Kabla ya msiba wa 2011 nako kulikuwa na mtelezo wa taratibu uliosogea kuelekea kitovu. Je, huo ni mlio wa kengele? Wengi wangependa iwe hivyo, lakini mitelezo ya New Zealand huja na kuondoka kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, na tetemeko kubwa halijafuata. Kengele inayolia kila mara haiwezi kumwondoa mtu nyumbani.

Tahadhari ya kusema tarehe inafaa kuchukuliwa kwa uzito. Julai 2025 rasi ya Kamchatka, Urusi, ilipata tetemeko la ukubwa wa 8.8 katika sehemu ileile iliyopasuka kwa ukubwa wa 9.0 mwaka 1952. Kwa hesabu ya deni la mkunjo, miaka 73 haikutosha kulimbikiza nguvu za kiasi hicho, isipokuwa kama mwaka 1952 ufa haukuzimaliza zote.

Kwa Japani swali hilo si la darasani. Mfereji wa Nankai, unaopita mbele ya miji ya Nagoya, Osaka na Kochi, ulipasuka mwaka 1707, mwaka 1854, na tena mwaka 1944 na 1946. Agosti 8, mwaka 2024, baada ya tetemeko la 7.1 kusini mwa nchi, serikali ilitoa kwa mara ya kwanza tangazo la kuwataka wananchi wawe macho kwa wiki moja. Wiki ikapita salama. Januari 2025 kamati ya serikali ilitaja uwezekano wa kiasi cha asilimia 80 ndani ya miaka 30. Septemba mwaka huo ikatoa makadirio mawili kwa pamoja, moja la asilimia 60 hadi 90 au zaidi, jingine la asilimia 20 hadi 50. Sababu mojawapo ni kupitiwa upya kwa kumbukumbu za kale za kina cha bandari ndogo ya Murotsu, ambako maofisa wa zama hizo walipima ni kiasi gani sakafu ya bandari iliinuka. Vifaa vya mamilioni ya yeni sakafuni mwa bahari, na bado hesabu inategemea kamba na jiwe la mpima kina wa karne ya 18.

Na kwetu? Pwani ya Afrika Mashariki haina bamba linalozama, na tetemeko la Agosti 12, mwaka 2020, lililowatoa watu wa Dar es Salaam maghorofani, lilikuwa la ukubwa wa kiasi cha 6. Hatari yetu hutoka ng'ambo. Mbali na Sumatra, kuna ukanda wa Makran, kusini mwa Iran na Pakistan, ambako bamba la Arabia linazama chini ya Asia. Novemba 28, mwaka 1945, ulitoa tetemeko la 8.1 na tsunami iliyopiga pwani hizo. Upande wake wa magharibi umekuwa kimya kwa muda mrefu, na wataalamu hawakubaliani kama umelala au umeshikana. Mbele ya ukanda huo iko Muscat, mji wenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili, na kwao wimbi lingefika kwa dakika. Hakuna huko mtandao wa nyaya unaofanana na ule wa Japani.

Tangu mwaka 2005 upo mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi chini ya UNESCO, na vituo vya Australia, India na Indonesia ndivyo vinavyokokotoa na kusambaza taarifa kwa nchi zote wanachama. Kwa Tanzania taarifa hizo hupokewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kwa Kenya na idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo. Kutoka hapo mpaka kwa mvuvi wa Pangani au mama anayeuza samaki Watamu njia bado ni ya simu, redio na watu.

Katika kisiwa cha Simeulue, kilicho karibu kabisa na kitovu cha mwaka 2004, hapakuwa na simu wala king'ora. Palikuwa na neno moja, smong, lililorithiwa kutoka kwa wazee walionusurika tsunami ya mwaka 1907, na maana yake kila mtoto aliijua: ardhi ikitikisika sana, usingoje, kimbilia mlimani. Wakazi walikuwa zaidi ya 70,000. Waliokufa walikuwa saba.